Gari ya zamani inayowaka inapotaka: jinsi ya kuupata ugonjwa kabla hujanunua spea

Gari iliyokufa kabisa haina shida sana. Unaikuta imelala, unapima, unapata, unafunga boneti. Inayotesa watu ni ile inayowaka vizuri mara kumi halafu ya kumi na moja inakugomea ukiwa umeshapakia mizigo, unakaa dakika ishirini unajaribu tena inawaka kama hakuna kilichotokea. Unaipeleka kwa fundi, inawaka mbele yake mara tano mfululizo, anabaki anakuangalia. Na hapo ndipo hela zinaanza kutoka, kwa sababu fundi hana kitu cha kupima kwa hiyo anabahatisha, na kubahatisha siku zote kunaanzia kwenye betri, kunahamia kwenye stata, kunafika kwenye pampu ya mafuta, na gari bado inagoma.

Mimi yamenikuta. Betri mpya, stata, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), swichi ya funguo, karibu miezi minne ya kubadilisha vitu ambavyo havikuwa na ugonjwa, na mwisho kilichokuwa kinagoma ni waya mmoja wa athi (ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini) wenye urefu wa mkono, nitaueleza huko chini. Toka siku hiyo naamini kitu kimoja kuhusu hizi gari: ugonjwa wa kuja na kuondoka haupimwi gari ikiwa nzima, unapimwa zile dakika chache inapokuwa imegoma. Kwa hiyo ikigoma usikimbilie kuiwasha kwa namna yoyote ile uondoke. Zile dakika ni mali. Ukiisukuma ikawaka umeenda zako sawa, ila ushahidi nao umeondoka. Kama imekugomea katikati ya barabara au sehemu ya hatari hiyo ni kesi nyingine, itoe hapo kwanza, utapima siku nyingine.

Vitu vya kukaa kwenye buti

Huhitaji gereji nzima. Mita ya kawaida ya kupimia volti, taa ya testa (ile balbu ndogo yenye ncha kali na waya wa kubana), plagi moja nzima ya aina inayotumika kwenye gari yako, spana ya terminali za betri ambayo kwa gari nyingi ni namba 10, kipande cha msasa, waya za kubustia (zile za kuazimia umeme kwenye betri ya gari nyingine) na tochi. Na daftari na kalamu. Daftari watu wanalidharau na ndilo linalofichua magonjwa mengi kuliko hata mita.

Kila ikigoma andika: saa ngapi, injini ilikuwa ya moto au ya baridi, ilikuwa imezimwa muda gani kabla ya kugoma, mvua au jua, mafuta kwenye tanki yalikuwa kiasi gani, gia ilikuwa wapi, taa gani ziliwaka kwenye dashibodi na zipi hazikuwaka, ulisikia mlio gani, iliwaka tena baada ya dakika ngapi na ulifanya nini ikawaka. Ukifika matukio matano sita hivi utaanza kuijua tabia yake. Ikigoma asubuhi tu baada ya kulala, hapo fikiria betri inayoishiwa usiku, baridi, au unyevu. Ikigoma dakika kumi mpaka nusu saa baada ya kuzima injini iliyokuwa ya moto, hiyo ni joto, kuna kitu kinachemka kinaacha kufanya kazi kikipoa kinarudi. Na ikigoma saa yoyote bila mpangilio, baridi au moto, mara nyingi ni muunganiko uliolegea, kutu, au swichi iliyochoka.

Swali la kwanza kabla hujagusa spana

Ukigeuza funguo hadi mwisho, stata inazungusha injini au haizungushi?

Usiseme tu "gari haiwaki", hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa yanayoitwa jina moja. Kama injini inazunguka kwa kasi yake ileile ya siku zote lakini haishiki, basi betri na stata ziko sawa, achana nazo, tatizo ni moto wa plagi au ni mafuta. Kama haizunguki, au inazunguka kivivu, basi usihangaike na plagi wala pampu. Namjua mtu aliyebadilisha pampu ya mafuta kwenye gari ambayo stata ndiyo ilikuwa haizunguki, na hakuwa mjinga, alimwambia fundi kwa simu "haiwaki" na fundi akaelewa vingine, basi.

Stata haizunguki

Anza na taa kubwa. Paki ukiangalia ukuta, washa taa, halafu geuza funguo huku unaangalia mwanga. Taa zikififia sana au zikazima kabisa, ujue umeme unaombwa ila haupatikani wa kutosha: betri imechoka, au kuna muunganiko mbovu njiani, au mara chache stata yenyewe imekwama. Taa zikibaki na mwanga uleule na gari iko kimya, ombi lenyewe halijafika kwenye stata, kwa hiyo utafute kwenye swichi, fyuzi, rilei na zile swichi ndogo za gia na klachi. Ukisikia "ta" moja nzito kutoka chini halafu kimya, solenoidi (swichi kubwa ya stata) imevuta lakini ule umeme mkubwa haupiti. Na ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka kama cherehani, solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, inavuta tena, na hiyo karibu siku zote ni betri dhaifu au terminali chafu.

Huu mfumo usikutishe. Stata ya umeme ilianza kuja kwenye Cadillac za 1912, kabla ya hapo injini ilizungushwa kwa hendeli, na gari za zamani bado zinafuata wazo rahisi sana: umeme mdogo kutoka kwenye funguo unaamuru solenoidi, solenoidi inafungulia umeme mkubwa kutoka betri kwenda stata. Njia mbili tu. Ukijua ni ipi imekatika umemaliza nusu ya kazi.

Sasa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni karibu robo, ikifika 11.8 imekwisha. Ila hiyo namba ya kupumzika inadanganya, betri mbovu inaweza kukusomea 12.6 ikiwa haina kazi halafu ukipiga stata inaporomoka mpaka 7. Pima wakati unapiga stata, isishuke chini ya 9.6 hivi, betri nzuri inabaki juu ya 10. Ikiwaka pima tena injini ikiunguruma, uone kati ya 13.8 na 14.5, ikiwa chini ya 13 altaneta haichaji na betri unayoilaumu haina kosa lolote, inakufa njaa.

Halafu kuna kipimo ambacho wengi hawakifanyi na mimi nakipenda kuliko vyote. Gari ikiwa imegoma, mtu mmoja akishikilia funguo kwenye kuwasha, weka ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na ncha nyekundu juu ya kichwa chenyewe cha risasi cha upande wa chanya, katikati kabisa. Soma. Sasa sogeza ncha nyekundu kutoka kwenye ile risasi hadi kwenye terminali iliyoibana, ni milimita chache tu, funguo igeuzwe tena, soma tena. Namba zinatakiwa kufanana. Kama kwenye risasi unaona 12 na kwenye terminali unaona 6, basi volti 6 zimepotelea kwenye utando mwembamba wa kijivu uliokaa katikati ya hivyo vitu viwili, na kwa macho huuoni, terminali ukiitikisa haichezi, kwa nje inaonekana safi kabisa. Fanya hivyohivyo upande wa hasi. Ukikuta hivyo fungua hasi kwanza halafu chanya, sugua kichwa na ndani ya terminali mpaka vyote ving'ae, ukirudisha anza na chanya, hasi iwe ya mwisho. Ule unga mweupe au wa kijani mwagia maji ya moto, usiuguse kwa mkono mtupu wala usiupulize maana una tindikali, na usisogeze sigara wala moto wowote karibu na betri, inatoa hidrojeni na hidrojeni inalipuka. Kama redio yako ina namba ya siri itafute kabla hujachomoa betri.

Vichwa vikiwa sawa endelea mbele na nyaya. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini kisicho na rangi wala grisi, piga stata: isizidi volti 0.2 au 0.3. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye boliti nene ya stata, isizidi 0.5. Zaidi ya hapo kuna waya au boliti inayokula umeme.

Ndipo nilipoupata ugonjwa wangu. Mita ilisoma volti 4 na kitu kati ya hasi ya betri na bloku ya injini. Waya wa athi kwa nje ulikuwa mzima, mpira wake mweusi haujapasuka popote, na mafundi watatu walikuwa wameshauangalia wakaupita. Nilipoukunja karibu na kile kichwa chake kilichofungwa boliti ukajikunja mlaini kama kamba ya kiatu, wakati waya mzima wa unene ule unakataa kukunjika. Nikachana mpira kwa kisu, ndani shaba imekuwa unga wa kijani, zimebaki labda nyuzi kumi zinazogusana. Zikigusana vizuri gari inawaka, injini ikitikisika zikaachana inagoma, ikitikisika tena zinarudi. Betri niliyoitupa ilikuwa nzima, stata niliyoitoa ilikuwa nzima.

Kama huna mita siku hiyo kuna njia ya mkato. Chukua waya mmoja wa kubustia, bana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kizito cha injini mbali na mikanda na feni, jaribu kuwasha. Ikizunguka vizuri ghafla, athi ndiyo mbovu, hakuna mjadala. Dalili yake nyingine ni kebo ya eksileta au kebo ya gia kupata moto baada ya kupiga stata mara kadhaa, umeme umekosa njia yake ukapita huko.

Nyaya zote zikiwa sawa ndiyo tunafika kwenye stata yenyewe. Gari iwe nyutro au P, hendibreki juu, matairi yazuiwe. Bana taa ya testa kwenye chuma, ncha iguse ule waya mdogo unaoingia kwenye solenoidi, mtu ageuze funguo. Taa ikiwaka kwa nguvu na boliti nene ina volti zake na stata haizunguki, hapo stata ina kosa kweli na unaweza kuishusha bila wasiwasi. Mara nyingi ni kaboni (vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota) zimeisha, au zile shaba za ndani ya solenoidi zimelika upande mmoja. Stata nyingi za Denso zenye gia ndani zina tabia hii ya shaba kulika, inapiga "ta" moja mara tatu nne halafu ya tano inazunguka, na shaba hizo pamoja na pistoni yake zinauzwa peke yake, huna haja ya stata nzima. Kuigonga stata taratibu kwa mti wa nyundo ikazunguka ni kipimo kizuri cha kaboni, ila ichukulie kama kipimo, imekwambia inakaribia kufa.

Waya mdogo ukikosa umeme rudi nyuma. Gia otomatiki ikigoma kwenye P jaribu N, tikisa mkono wa gia huku umeshikilia funguo, ikiwaka umeipata, ni swichi ya gia. Gia za mkono zingine zina swichi kwenye pedali ya klachi, ikanyage mpaka mwisho kabisa. Rilei ya stata badilishana na nyingine ya namba ileile, mara nyingi ya honi inafanana. Swichi ya funguo inakujulisha kwa dashibodi: ukigeuza kuwasha na taa zote zinakata, au ukiizungusha funguo kidogo mbele na nyuma inashika, imelika. Mafungu mazito ya funguo yanaharakisha huo uchakavu, toa funguo ya gari peke yake. Na kwa gari za miaka ya 90 kwenda mbele angalia taa ya imobilaiza (kinga ya wizi inayosoma chipu ya funguo), ikipepesa haraka wakati kawaida inazima basi gari haijaitambua funguo, jaribu funguo ya akiba, na usizishike funguo mbili zenye chipu pamoja.

Inazunguka ila haishiki

Hapa sheria ya kwanza ni kutokuchosha stata. Piga si zaidi ya sekunde 10, pumzisha dakika moja, ukipiga mfululizo utaunguza stata na kumaliza betri na utakuwa na magonjwa mawili.

Injini ya petroli inataka moto wa plagi na mafuta, na vyote vifike wakati wake. Swali ni kimekosekana kipi, na lazima ulijibu palepale. Kabla ya yote weka funguo kwenye ON bila kupiga stata, zima redio, funga milango, sikiliza nyuma kwenye tanki. Gari nyingi za injekta pampu inanguruma sekunde 2 au 3 halafu inanyamaza kujenga presha. Izoee hiyo sauti siku gari ikiwa nzima ili siku ikikosekana uijue. Kuna gari za zamani ambazo pampu haiungurumi mpaka injini izunguke, usije ukaihukumu bure. Ikiwa kimya na kawaida huwa inasikika, mtu apige ngumi chini ya tanki huku mtu wa pili anapiga stata. Ikiwaka, kaboni za pampu zimeisha. Isipowaka pima kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu, kwa sababu pampu isiyopata umeme si pampu mbovu, ni rilei au fyuzi au waya au athi ya pampu.

Moto unapimwa hivi: chomoa waya wa plagi moja, chomeka ile plagi yako ya akiba, ibane chuma chake kwenye chuma cha injini kwa waya wa kubustia, usiishike kwa mkono maana umeme ule ni maelfu ya volti na kwenye gari zisizotumia platini (zile ncha za kukata umeme ndani ya distributa) unaweza kukuumiza vibaya. Hakikisha hakuna harufu ya petroli wala mafuta yaliyomwagika karibu, mtu apige stata. Unataka cheche ya bluu yenye mlio wa kupasuka. Ya njano nyembamba ni dhaifu, na ikikosekana kabisa rudi kwenye koili inayozalisha moto, distributa inayougawa kwa plagi, igniti (kifaa cha umeme kinachoiamuru koili) na sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka). Kwa sensa ya krenki kuna ishara nzuri ya bure: angalia mshale wa RPM (kasi ya mzunguko wa injini) wakati stata inazunguka, kwenye gari nyingi ukipandapanda kidogo sensa inaongea, ukilala sifuri kabisa huku moto na mafuta vyote vimekosekana basi yeye ndiye mshukiwa wa kwanza. Si gari zote zinaonyesha hivyo, ndiyo maana nasema uijue tabia yake ikiwa nzima.

Cheche ikiwepo tafuta mafuta. Spreyi ya kuwashia inasaidia kujibu haraka, puliza kidogo sana kwenye mdomo wa hewa, ikishika sekunde moja mbili ikazima basi moto upo na mafuta ndiyo hayafiki. Usiitumie kwenye dizeli yenye plagi za joto, inaweza kulipuka ndani na kuharibu pistoni. Na ukitoa plagi ukaikuta imelowa petroli, kinyume chake, mafuta yamezidi. Kwenye injekta nyingi ukikanyaga eksileta hadi chini na kupiga stata kompyuta inakata mafuta injini ijikaushe, kwenye kabureta kanyaga hadi chini na ushikilie, usipampu, kila ukipampu unaongeza mafuta mengine. Injini ya moto inayolewa mafuta kila mara iangalie sensa ya joto la maji, ikidanganya kwamba injini ni ya baridi kompyuta inamwaga mafuta ya asubuhi kwenye injini ya moto.

Kama kila siku lazima upige stata muda mrefu asubuhi ndiyo iwake, jaribu kuweka ON, kuzima, ON, kuzima, ON, halafu piga. Ikiwaka mara moja, presha ya mafuta inavuja usiku, valvu ya kuzuia kwenye pampu au injekta inayodondosha.

Ikigoma ya moto tu

Hili nalipa nafasi yake kwa sababu ndilo linalochanganya watu zaidi. Unaendesha saa nzima haina shida, unazima dakika kumi na tano, unarudi imegoma. Ukizima injini maji na hewa vinaacha kuipoza, kwa hiyo joto chini ya boneti linapanda baada ya kuzima, halishuki. Kitu chenye ufa mdogo ndani kinatanuka hapo.

Zipo sensa za krenki zinazokufa kwa joto na kufufuka zikipoa. Zipo igniti, Ford za miaka ya 80 zenye igniti inayoitwa TFI iliyofungwa kwenye distributa zinajulikana kwa ugonjwa huu. Zipo koili na kondensa za platini. Na Honda za miaka ya 80 na 90 zina rilei kuu ya injini, lehemu yake ya ndani (solda) inapata nyufa, gari ikiachwa juani chumba kikiwa cha moto pampu haipati umeme, ukifungua madirisha ikapoa inawaka. Kipimo chake ni kitambaa kilicholowa maji ya baridi: gari imegoma ya moto, umehakikisha haina cheche, weka kitambaa juu ya sensa au igniti unayoishuku kwa dakika mbili tatu, jaribu. Ikiwaka fanya tena siku nyingine kwa kitu hichohicho kimoja, ikijirudia umeshampata. Ukipoza vitu vitatu kwa pamoja hujajifunza lolote. Kwa kabureta, joto linageuza petroli kuwa mvuke kwenye paipu au linaichemsha ndani ya kabureta yenyewe, angalia kama paipu ya mafuta inapita karibu na manifoldi ya ekzosi. Na stata iliyo karibu na ekzosi nayo inazunguka kwa uzito ikiwa ya moto, hiyo utaisikia kwa sikio.

Unyevu una dalili yake mwenyewe: fungua boneti usiku injini ikiunguruma, giza kabisa, ukiona vicheche vya bluu vinatembea kwenye nyaya za plagi au kofia ya distributa basi zimechoka. Ndani ya kofia tafuta mstari mwembamba mweusi kama wa penseli, ni ufa umeme unapopita.

Betri inayoisha usiku

Zima kila kitu, chomoa hasi, weka mita kwenye amp, soketi ya amp 10, kati ya kichwa cha hasi na waya wake. Subiri angalau nusu saa kompyuta zilale, ukiwa umefunga milango. Inayosomeka isizidi amp 0.05. Ikizidi chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke, fyuzi iliyoiangusha inakupeleka kwenye mwizi. Taa ya buti isiyozima na redio iliyofungwa vibaya zinaongoza, na altaneta yenye dayodi mbovu haitaonekana kwenye fyuzi hizi za ndani, chomoa waya wake mnene uone. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa imeunganishwa hivyo, itaungua.

Mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inaziandika) inasaidia, ila usiisujudie. Soketi ya OBD-II, ambayo mashine hiyo inachomekwa, imekuwa lazima Marekani toka gari za 1996 na Ulaya kwa petroli toka 2001, kwa hiyo gari ya zamani zaidi inaweza isiwe nayo. Toyota nyingi za kabla ya hapo unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye soketi ya chini ya boneti, unaweka ON, unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Lakini terminali chafu haiandiki kodi, waya wa athi hauandiki kodi, na sensa inayokufa dakika tano ikafufuka mara nyingi haiachi chochote.

Ukishabadilisha kitu usifunge daftari. Rudia mazingira yaleyale iliyokuwa inagoma, joto lilelile, muda uleule wa kuzimwa, na upime tena palepale ulipopata kosa. Mimi baada ya kuweka athi mpya mita ilisoma 0.1 mahali paliposoma 4, nikaendelea kuandika wiki sita nyingine huku waya wa kubustia uko kwenye buti, na haijagoma tena.